Mama Mkwe Mlangoni

Mama yangu na mume wa dada yangu waliishi mji mmoja wa Isiolo miaka mingi bila kutazamana usoni. Kwetu sisi Waborana hiyo ndiyo adabu. Mama mkwe na mkwe wake hawatazamani, hawatajani jina, hawali pamoja. Wakikutana njiani mmoja huacha njia. Mwanamume hugeukia kando, mwanamke huvuta mtandio mpaka kidevuni, kisha kila mtu anashika lake. Majirani wa makabila mengine walituona vituko, nami niliwaacha wacheke. Desturi hiyo ilitulisha muda mrefu, na hiyo hiyo ilimwachia mama mkono uliopinda mpaka akaingia kaburini.

Lakini nitaanza na baba, kwa sababu hasira yangu inaanzia kwake.

Tulikuja mjini kutoka Kulamawe baada ya vita vya shifta kati ya serikali na waasi wa kaskazini, mifugo yetu ikiwa imekwisha. Wanyama wengine walipigwa risasi, wengine walikufia zizini kwa sababu tulikatazwa kuwapeleka malishoni. Baba alijenga kibanda cha miti na mabati ya madebe huko Kiwanjani, akapata kibarua cha kuswaga ng'ombe wa wafanyabiashara mnadani. Miaka ile ya mwanzo wa sabini kila mwanamume alidaiwa kodi ya kichwa, awe na zizi limejaa ng'ombe au asiwe hata na kuku.

Watoza kodi walijua kungoja siku ya mnada. Siku hiyo nilikuwa nimempelekea baba chai. Waliuzunguka uwanja na marungu yao, wakaanza kudai risiti mtu mmoja baada ya mwingine. Baba alikuwa ameshika kamba ya fahali wa mtu. Alijibu kwa upole kwamba hana, kwamba mbuzi wake waliishia vitani na anachopata pale mnadani kinaishia tumboni mwa watoto. Askari hakungoja amalize. Alimpiga rungu la nyonga, nikasikia mlio kama wa kuni kavu. Baba alianguka kifudifudi kwenye samadi, akapigwa tena mgongoni, fahali akakimbia. Kamba ile ile aliyokuwa akimwongozea fahali ndiyo waliyomfungia mikono. Chai iliniunguza miguu na sikujua nimeimwaga saa ngapi.

Walimpeleka kuchimba mtaro pamoja na wanaume wengine wasiokuwa na risiti. Alirudi akiburuta mguu, na nyonga haikupona. Alikaa mbele ya kibanda akikohoa vumbi la mtaro mpaka Mungu akamchukua. Muda si mrefu serikali ikaifuta kodi ile. Mama alisikia habari kwenye redio ya jirani, akatema mate chini, akaendelea na kazi yake. Watu wa pwani wana methali yao: Mgala muue na haki yake mpe. Mgala ndiye sisi, ni jina la dharau walilotupa. Basi kuuawa tuliuawa. Haki sijaiona mpaka leo.

Mama akageukia maziwa. Jamaa zetu waliobaki na ngamia walimletea alfajiri, yeye akayauza sokoni katika gorfa, vile vyombo tunavyosuka kwa nyuzi za mizizi na kuvifukiza moshi ili maziwa yasiharibike. Wauza maziwa walikaa mahali pao, uchochoro mpana uliofungwa upande wa nyuma, kati ya ukuta wa kisiagi cha mahindi na vibanda vya nyama. Mlango ulikuwa mmoja tu, mwembamba. Askari wa kanjo, yaani baraza la mji, akiingia pale, hakuna wa kutoroka. Kila chombo kilitozwa ushuru kila siku, uwe umeuza au hujauza. Asiyelipa chombo chake kilipigwa teke, na akilalamika alipigwa yeye. Niliona Mturkana muuza makaa akitemea meno kwenye kiganja kwa sababu alisema ngoja kidogo. Niliona mwanamke mjamzito akivutwa kwa nywele mpaka kwenye gari. Hayo yalikuwa mambo ya kawaida, kama vumbi na nzi.

Kisha wakatuletea askari Mborana, kijana kutoka Garbatulla, kwa kuwa wengine hawakuielewa lugha yetu na wanawake waliwatukana wakicheka. Siku yake ya kwanza alinyakua gorfa ya dada yangu. Dada akamuuma mkono mpaka damu ikatoka. Alama ilibaki, na nadhani mapenzi yaliingilia hapo hapo, kwa sababu haukupita mwaka akatuma wazee wake na kahawa ya buna, tumbaku na sukari kuja kumposa.

Mama aliliwaza jambo hilo siku nyingi. Nilimwambia waziwazi kwamba siwezi kumwita shemeji mtu anayevaa nguo za waliomuua baba. Aliniambia mbwa wa jirani ndiye anayeuma, mbwa wa nyumbani hupiga kelele tu. Akakubali.

Asubuhi ya kwanza baada ya harusi, shemeji alikuja uchochoroni akipuliza filimbi yake kama kawaida. Mama alikuwa amekaa karibu na mlango. Alivuta mtandio. Shemeji naye alipouona tu ule mtandio aligeuka kama aliyeona simba, akakanyaga rundo la vitunguu la mama mmoja Mmeru, akaanguka na kofia ikabingirika. Wanawake walicheka mpaka wakafuta machozi. Siku hiyo hakuna aliyelipa. Kesho yake alirudi, akamwona mama pale pale, akageuka tena.

Ndipo wanawake wakaelewa walichokuwa nacho. Kazi ya kutoza uchochoro ule ilikuwa ya shemeji peke yake, na njia ya kuingilia ni moja. Wakamwomba mama asihame mlangoni. Akiugua walikuja kumbeba mpaka sokoni, wakamketisha juu ya gunia na kumfunika blanketi. Muuza makaa akahamia nyuma yake, na yule mama wa vitunguu pia. Mama mmoja Msomali, ambaye babu yake aliletwa huku na jeshi la Waingereza na sasa wanawe wana malori, alikuwa akipita asubuhi anasema, "Salaam aleikum, mama gavana. Leo serikali imefika wapi?" Mama anamjibu kwamba imefika kwenye kisiagi, imerudi.

Shemeji aliwaambia wakubwa wake kwamba wauza maziwa ni maskini, hawana kitu. Huo haukuwa uongo. Ilienda hivyo miaka kadhaa. Tulikula, mimi nikasoma mpaka nikamaliza shule, dada akazaa watoto. Mama aliwalea wajukuu wale kwa mikono yake mwenyewe na tangu harusi baba yao hakumwona uso.

Miaka ya themanini ikaingia na maneno mapya kwenye redio: kubana matumizi, kufunga mkanda. Sisi mkanda hatukuwa nao, na kiuno chenyewe kilikuwa kimekwisha. Ukame nao ukaja, ngamia wakakauka chuchu. Zahanati ilibaki na kuta na nesi mmoja anayekuandikia dawa ukanunue. Unga ulipotea madukani, na uliporudi ulikuja na bei nyingine. Tukasikia kwamba Nairobi imeiambia kanjo yetu ijilishe yenyewe. Kanjo ilikuwa na tumbo kubwa, na hakukuwa na cha kula ila sisi. Ushuru wa kila chombo ukapandishwa. Askari wenyewe wakaanza kukaa miezi bila mshahara, wakaambiwa watalipwa kutokana na watakachokusanya.

Shemeji akaanza kumpiga dada. Nasema wazi kwa sababu wakati ule hakuna aliyesema. Siku ya kwanza alimpiga kwa sababu ya chai isiyo na sukari. Mara ya pili alimpiga kwa sababu mtoto alilia. Dada alikuja kwetu jicho limefumba na mdomo umevimba, na mtoto mdogo mgongoni, akakaa chini. Mama alimkanda kwa maji ya moto. Mimi nilitafuta panga nikitukana mpaka jirani mmoja akanishika kiunoni.

Mama alimwita mkwe wake kwa kunituma mimi. Alikuja mchana, akakaa nje na mgongo wake kwenye ukuta wetu wa udongo. Mama alikaa ndani, mgongo wake kwenye ukuta huo huo. Mimi nilisimama mlangoni. Walisikiana vizuri, lakini kila mmoja alisema na mimi.

Mama akasema, "Mwambie mwanangu si ngoma."

Shemeji akasema, "Mwambie mama nimekosa. Na umwambie pia wamejua habari za ule uchochoro. Wamesema nisipotoza maziwa mwezi huu natoka kazini. Mwambie ahame mlangoni. Siombi kingine."

"Mwambie nikihama pale, wale wanawake wote watoto wao watalala njaa. Ushuru huu mpya ni zaidi ya maziwa yenyewe."

"Mwambie nikifukuzwa, watakaolala njaa ni wajukuu wake."

Niliwatazama wote wawili, mmoja jua linampiga, mwingine gizani, na kati yao ukuta mwembamba ambao ningeweza kuuvunja kwa teke. Nilitamani kuuvunja. Wangetazamana wakapigana, yakaisha.

Dada, na uso ule uliovimba, alimwomba mama ahame. Alisema atavumilia kupigwa, lakini hawezi kuvumilia watoto kulala bila kitu. Mama aliwauliza wanawake wa sokoni kama wanaweza kuchanga kidogo, hata maziwa, ili mkwe wake apate cha kupeleka ofisini. Wengine walikuwa tayari. Wengi walisema hawana, na ni kweli hawakuwa nacho, gorfa zilikuwa zikija sokoni nusu. Mama Msomali alitaka kuwalipia wote, lakini wanawe walimkataza, kwani nao malori yao yalikuwa yamesimama kwa bei ya mafuta.

Jioni hiyo mama alituambia uamuzi wake. Alisema siku ile baba yetu anafungwa kamba kama mnyama, uwanja mzima wa mnada ulikuwa na watu na hakuna aliyesimama mbele yake. Yeye atakaa.

Walikuja siku ya soko, asubuhi, na lori. Walikuwa wengi, na wengi wao ni wageni walioletwa kutoka nje ya mji, wasiokuwa wakwe wa mtu yeyote pale. Mkubwa wao alivaa koti. Shemeji alitembea mbele, ameamriwa kuwaonyesha njia. Alipofika mlangoni akauona mtandio wa mama, akafanya alichofanya siku zote. Aligeuka. Aliweka paji la uso wake kwenye ukuta wa kisiagi na mikono yake pande mbili za kichwa, akabaki hivyo.

Mwenye koti akamuuliza, "Wewe, nini mbaya na wewe?" Wenzake wakampita.

Wa kwanza alipiga gorfa ya mama teke. Maziwa yakaruka yakampata mama kifuani. Kwetu maziwa hayamwagwi, hata yakiponyoka kidogo mtu huguswa moyo. Mama alimshika askari yule mguu kwa mikono miwili. Rungu likashuka kwenye mkono, nikausikia mfupa, ule mlio wa mnadani. Hakuachia. Rungu likashuka kichwani. Mtandio ukaanguka na damu ikaja juu ya jicho lake.

Ndipo uchochoro ukalipuka. Muuza makaa alimpiga mmoja usoni kwa debe. Mama wa vitunguu alirusha pilipili ya kusaga machoni mwa mwingine, yule akalia kama mtoto. Mimi nilichukua jiwe la mizani na kulirusha kwa nguvu zangu zote, likampata askari kinywani, na ninawaambia ukweli, nilifurahi. Ningekuwa na jingine ningelirusha. Walituangukia kwa marungu. Walipiga mabega, vichwa, matiti. Walimkanyaga bibi mmoja aliyekuwa amelala juu ya chombo chake ili wasikifikie. Kelele za kisiagi hazikukoma, mwenye mashine aliogopa kuizima. Chini ya miguu yetu maziwa na damu na makaa vilikuwa tope moja, na watu waliteleza ndani yake wakipigana wakiwa wamepiga magoti.

Mama, akiwa chini, aliita. Hangeweza kutaja jina lake hata wakati ule. Aliita, "Mkwe wangu! Mkwe wangu!"

Shemeji alisikia. Nilimwona bega likishtuka. Lakini kichwa cha mama kilikuwa wazi, hakikufunikwa hata na uzi, na mkwe hawezi kumwona mama mkwe hivyo. Hakugeuka. Alisukuma paji la uso ukutani kana kwamba anataka kupenya. Waliendelea kumpiga mama hatua chache nyuma yake, naye aliushika ukuta kwa adabu.

Walipochoka walianza kuburuta wanawake kwenye lori. Mama hawakumchukua, nadhani walidhani anakufa. Lori lilipojaa, uchochoro ukabaki na mbwa wakiramba chini. Mama akaketi. Akasimama kwa kushika ukuta. Mkono mmoja ulikuwa unaning'inia. Nilimpa mtandio wake, akausukuma.

Alimwendea mkwe wake kichwa wazi, damu imeganda shingoni. Alimshika kidevu kwa mkono mzima, akamgeuza kwa nguvu ambayo sijui aliitoa wapi. Shemeji alikuwa amefumba macho, machozi yanapita kwenye vumbi la unga lililompaka uso.

"Fungua macho," mama alisema. "Nitazame."

Akafungua. Nilijua ninaona kitu ambacho hakifai kuonwa, nikabaki nimesimama. Maneno ya kwanza aliyomwambia mama yangu moja kwa moja tangu aoe katika nyumba yetu yalikuwa haya: "Aayo, mama yangu, watoto hawajala tangu jana."

Mama alimpiga kofi. Lilisikika kupita kelele za mashine. Kisha akaniambia niangalie nyuma ya magunia, kuna gorfa moja imebaki, niipeleke kwa dada yangu wajukuu wakanywe.

Niliichukua. Mkononi ilikuwa nusu tu, na bado ina joto. Mlangoni mwa uchochoro walikuwa wamebakiza askari wawili na yule mwenye koti, na lori lilikuwa bado limesimama barabarani. Mmoja alinyoosha rungu mbele yangu, akasema hiyo ni chombo, hiyo lazima ilipiwe. Nilimwambia ni ya watoto. Akasema kila kitu kinachotoka soko kinalipa. Akashika mdomo wa gorfa, nami nikashika chini, tukavutana.

Sikumwona shemeji akija. Niliona tu rungu lake mwenyewe, lile la kanjo, likimwangukia mwenzake shingoni. Alimpiga mara ya pili, mara ya tatu, akipiga kelele bila maneno. Mwenye koti akapuliza filimbi, na wale wa kwenye lori wakaruka chini wakarudi. Shemeji alinisukuma nje na gorfa yangu, akasimama katika mlango ule mwembamba, mahali pale pale ambapo mama alikuwa akikaa.

Walimpiga kwa muda mrefu. Walimvua shati la kazi kwanza, kisha wakampiga. Alianguka, akainuka, akaanguka. Walimpiga nyonga, wanapenda nyonga. Watu walikuwa wamejaa barabarani na hakuna aliyesogea. Mimi nilikuwa nimekumbatia maziwa na nilitaka kufumba macho, nikawa nageuka.

Mama alinishika shingo kwa ule mkono wake mzima. Alikuwa amesimama kando yangu katika jua, nywele zake nyeupe ziko wazi mbele ya mji mzima, anamtazama mkwe wake usoni. "Usigeuke," aliniambia. Tukamtazama mpaka walipomaliza.